Sultani na "Ku" Mbili

Hapo zamani, katika mji wa Kitumbini, paliondokea sultani aitwaye Zahrani, aliyeyapenda mambo ya kigeni kama mtoto apendavyo halua. Akapata mwalimu wa Kiingereza, Mzungu mmoja mrefu jina lake Bwana Jofrei. Basi ikawa asubuhi Kiingereza, jioni Kiingereza, na mawaziri wakitikisa vichwa kana kwamba wanaelewa.

Ikatokea nahodha wa Kiingereza akatia nanga, na sultani akamwandalia karamu. Vyakula vilipoletwa, sultani akasimama ili aseme kwa Kiingereza, "Nimeacha shughuli zangu ili nile nawe." Maskini ya Mungu, ulimi ukamteleza papo hapo penye "ku" ya "kula", na nahodha akasikia, "Nimeacha kula nawe." Akavaa kofia yake, akarudi melini asionje hata sambusa. Lo! Aibu iliyoje hiyo!

Sultani akamgeukia mwalimu wake kwa hasira, naye Bwana Jofrei akajitetea. "Seyyid, kosa si langu. Kiswahili chenu kina 'ku' moja tu, nasi Waingereza tunazo mbili. Iko ya kesho, kwa jambo ambalo mtu bado analiendea, na iko ya jana, kwa jambo alilokwisha kulishika au kulitenda. Wewe ulitaka ya kesho, ukatia ya jana."

Mwingine angejilaumu mwenyewe. Sultani huyu akakilaumu Kiswahili! Mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza kwamba tangu siku ile kila atakayesema "ku" aeleze ni ya kesho au ya jana, na asiyeeleza atatiwa gerezani. Jamani, mji ukawa kichekesho. Mtu akienda sokoni akasema, "Nataka kununua samaki kwa kesho," mwenye samaki humjibu, "Basi njoo kesho." Mke akimwambia mumewe, "Nimechoka kungoja kwa jana," mume huuliza jana alikuwa akimngoja nani.

Palikuwa na mpishi jumbani, Mwanakheri, mwanamke hodari asiye na makuu. Asubuhi moja akaingia na birika, akasema, "Seyyid, nimekuja kukuletea kahawa." Hivyo tu! Askari wakamshika, kahawa ikamwagika, akaenda kufungwa.

Mumewe aliitwa Shibu, mtu asiye na mbele wala nyuma, aliyejaliwa ulimi na mke basi. Aliposikia habari ile moyo ukampasuka, akaenda mbio hadi barazani kwa sultani, akapiga magoti.

"Mola wangu, nirudishie mke wangu. Nyumba haikaliki bila yeye."

"Ewe Shibu," akasema sultani, "nahodha atakuja kuniaga Ijumaa, nami sitaki kuaibika tena. Nifundishe hizo 'ku' mbili, jambo lililomshinda hata mwenye lugha yake. Ukiweza, mkeo yu huru. Ukishindwa, utamfuata huko huko aliko."

"Nimekubali, mola wangu. Ila mimi sina kitabu. Wewe niamuru tu, nami nitatii."

Sultani wakati ule alikuwa akistaftahi. Akasema, "Haya, kumbuka kuniletea maji ya kunawa."

Shibu akaketi mkekani, akafumba macho, akatabasamu peke yake.

"Wewe! Umelala?"

"La, mola wangu, nakumbuka. Nakumbuka kukuletea maji siku ya arusi ya binti yako. Birika lilikuwa la shaba, na ulinikanyaga kidole."

"Mpumbavu we! Nataka maji sasa hivi!"

"Ahaa! Kumbe ulitaka kukumbuka kwa kesho. Mimi nimekumbuka kwa jana."

Mawaziri wakaangaliana. Shibu naye akakunja mkono wa kanzu, akalivuta sinia la sultani, akaanza kula mkate kwa mchuzi.

"Shibu! Acha kula!"

Shibu akazidi kumega.

"Nimesema acha kula!"

"Nimeacha, mola wangu," akajibu mdomo umejaa. "Nimeacha kufundisha, ili nile. Hukuniambia niache nini."

Sultani uso ukamwiva kwa haya. "Kumbe ndivyo nilivyomfanya nahodha?"

"Yeye alisikia kinyume chake, mola wangu, lakini shimo ni lile lile."

"Basi nimeelewa! Ijumaa nitamwomba radhi kwa kumtukana."

"Kwa 'ku' ipi?"

"Ya kesho, kwani Ijumaa haijafika."

Shibu akashika kichwa. "Ala! Ukitia ya kesho, atadhani unaomba radhi kwa tusi unalotaka kumpa, naye atavaa kofia tena. Tusi limeshatoka, hiyo ni ya jana. Tena somo hili haliingii kwa kusikia, mpaka kinywa chenyewe kiliseme mbele ya mtu uliyemkosea kweli."

Sultani akawatazama mawaziri wake. Kila mmoja alikuwa na lake alilokosewa, lakini wote wakainamia zulia.

"Yupo mmoja gerezani," akasema Shibu polepole.

Basi Mwanakheri akaletwa, kanga imejaa vumbi, macho mekundu. Shibu alipomwona, maneno yote yakamwishia, akabaki kumtazama tu. Sultani akainuka kitini, jasho likimtoka, akasema mbele ya watu wote, "Mwanakheri, naomba radhi kwa kukufunga."

Mwanakheri akajifunga kanga yake vizuri, akamtazama sultani usoni.

"Mola wangu, umesema 'kukufunga', na hukueleza ni kwa kesho au kwa jana. Nikupishe kile chumba cha gerezani? Mkeka nimeshautandika."

Waziri mmoja akashindwa kujizuia, akaguna puani. Sultani akataka kukasirika, akashindwa. Kicheko kikamtoka, akacheka hata kilemba kikamwangukia mabegani.

"Kwa jana, mama! Wallahi kwa jana!" akalia huku akifuta machozi, na kabla Mwanakheri hajalijibu ombi lile la radhi, akamwita mpiga mbiu aiondoe amri yake mji mzima. Kisha akavua joho lake, akamvika Shibu.

Shibu hata hakulitazama. Alikuwa ameshamshika mkewe mkono, wanakwenda zao nyumbani.