Waliotibu Moshi wa Kwamsanja

Mwenye masikio na asogee, mwenye haraka atangulie. Kesi hii haijapata hakimu.

Katika mji wa Kwamsanja walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Shemhilu alijua kuchambua taka, Bi Nakijwa alijua moto, Mbwambo alijua maji. Walifanya kazi kwenye tanuri la kuchomea taka, ng'ambo ya korongo, na kila mmoja aliishi huko huko, peke yake katika kibanda chake. Daktari alikuwa amepima mayai ya kuku wa mjini akakuta sumu iitwayo dioksini, iliyotoka kwenye moshi wao. Tangu hapo, walipopita sokoni, watu walikumbuka ghafla kwamba wana safari, wakawakwepa.

Shemhilu, aliyezunguka kuanzia Lubumbashi hadi Maskati akarudi na sanduku lile lile ila bila mke, alizoea kujitania. "Nimekula kwenye sinia za mataifa sita," aliwaambia kuku wake. "Leo nakula nanyi, na hata ninyi mnadonoa mkiangalia pembeni."

Siku moja mwenyekiti wa mtaa alikuja, akasimama mbali kidogo. "Jamani, tuna nyumba moja tupu, jirani na kisima. Moshi ukipona, atakayeuponya ahamie."

Na desturi ya Kwamsanja ni hii: anayehamia nyumba mpya hapiki siku saba. Majirani humletea chakula, wakala naye sinia moja.

Akaanza Shemhilu. Alipasha waya wa shaba hadi ukawa mwekundu, akaugusisha kwenye plastiki, akaurudisha motoni. Mwali ukigeuka kijani, alijua pana klorini, na klorini ikiungua na taka ndiyo inayozaa dioksini. Mabomba ya maji, maganda ya nyaya, ngozi bandia za makochi, vyote akavitenga. Sumu ikapungua, isiishe, kwani hata makombo yana chumvi, na chumvi nayo ina klorini. Nani atachambua chumvi kwenye mchuzi?

Akafuata Bi Nakijwa. Alianika taka mbichi, akalisha tanuri kidogo kidogo, akaliachia hewa, moto ukawa mkali hata sumu ikavunjika humo humo ndani. Ikapungua tena, isiishe, kwani moshi ulipopoa polepole kwenye dohani, sumu ilijiunda upya njiani.

Akamalizia Mbwambo. Alinyunyizia moshi maji mara tu ulipotoka tanurini, ukapoa ghafla, sumu isipate wasaa wa kujiunda. Maji machafu aliyakinga kwenye shimo la saruji, yasifike mtoni.

Daktari akapima moshi, akasema ni salama. Mwenyekiti akaja na ufunguo, na safari hii alisogea karibu.

"Huyo shetani wa sumu nilimnyima chakula mimi," alisema Shemhilu.

"Ulimpunguzia, kaka," alisema Bi Nakijwa. "Aliyemuua ni mimi."

"Akafufuka, dada," alisema Mbwambo. "Nani alimrudisha kaburini?"

Wakacheka, kisha macho yote yakahamia kwenye ufunguo.

"Ninyi mlikimbiwa na wake zenu," Bi Nakijwa alisema taratibu. "Mimi sijapata hata wa kunikimbia."

"Mimi mwaka wa saba huu sijasikia mtu akipiga hodi," alisema Mbwambo.

Shemhilu alitazama vidole vyake. "Mimi nikila, namaliza kabla sijakaa vizuri. Hakuna wa kuzungumza naye kati ya tonge na tonge."

Mwenyekiti aliugeuzageuza ufunguo. Angemwondoa mmoja wao kazini, yeyote yule, sumu ingerudi. Lakini nyumba ni moja na chumba ni kimoja. Akauweka juu ya jiwe. "Ngojeni nikawaulize watu," alisema, akaondoka. Shemhilu aliutazama. Ulikuwa umbali wa mkono mmoja, na hakuna aliyenyoosha wake.

Basi, watu wenyewe ni ninyi. Mngempa nani ufunguo? Na wale wawili watakaobaki ng'ambo ya korongo, mngewaambia nini?