Fundi Aliyepaka Nyonga Mafuta

Kulikuwa na fundi baiskeli mmoja, fundi kweli kweli. Baiskeli ikipita barabarani, yeye kibandani hainui hata kichwa. "Mnyororo huo umekauka," anakwambia. Kwa sikio tu! Huyu bwana nyonga ilimharibikia, madaktari wakamwekea ya bandia: kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha chuma chenye utando wa plastiki ngumu. Akatembea miaka kumi na miwili bila shida. Binti yake wa pekee alipochumbiwa, akamwahidi, "Eliwaza mwanangu, nitakufikisha madhabahuni kwa miguu yangu hii."

Basi siku moja anainuka mezani, nyonga ikalia. Kwii! Mkewe akashtuka.

"Baba Eliwaza, nenda ukapimwe."

"Nikapimwe nini na siumwi? Kinacholia kinataka mafuta. Mimi si fundi?"

Akawa anapaka. Asubuhi mafuta ya nazi, jioni mafuta ya kondoo, anasugua paja mpaka linang'aa. Jamani, mafuta ya ngozini yatafikaje kwenye chuma kilicho ndani ya nyama? Angeletewa baiskeli iliyopakwa grisi juu ya rangi, si angecheka mpaka akae chini? Lakini hakuumwa, akajiona mzima.

Zimebaki siku tatu harusi ifike, mguu ukagoma. Akapelekwa hospitali, akapigwa picha ya nyonga.

"Mzee," daktari akamwambia taratibu, "kiungo hiki hulainishwa na majimaji ya mwili, huko huko ndani. Plastiki imeisha, chuma kinasaga chuma, na vumbi lake limefanya mfupa uliwe. Ungekuja siku ilipolia, huenda tungebadilisha plastiki tu."

"Na Jumamosi, daktari?"

"Jumamosi utakuwa kitandani."

Eliwaza akaingia kanisani ameshikwa mkono na mjomba wake. Fundi akasikia vigelegele kwenye simu, akalia kama mtoto.

Mnamcheka, wapendwa? Sisi je? Tumetoka kupeana amani sasa hivi, mikono tumeshikana, "Bwana asifiwe" tumesema. Na humu ndani wamo ndugu wawili ambao hawajala meza moja tangu tumzike mama yao. Kila mkikutana mlio mnausikia, mnapaka tabasamu, mnapita. Mtasema hakuumi. Hata fundi hakuumwa.

Sitatoa baraka kwanza. Nitasubiri hapa, na ninyi wawili mnajua kila mmoja ameketi wapi.