Pumzi Kabla ya Sikitu

Sogeeni karibu. Nitawapa wanawake watatu na mtoto mmoja. Mwishoni nitawadai jibu, kwa hiyo asinzie asiye na maoni.

Wanawake hawa waliishi Chunyuni, kijiji cha wapika chumvi, pembeni mwa uwanda mweupe usioota hata jani. Wa kwanza aliitwa Semeni. Mama yake alikaa miaka tisa bila mtoto, na majirani walisema sana. Siku alipojifungua alifungua dirisha akawaambia, "Haya, semeni sasa!" Likawa jina. Semeni alikuwa na kipawa cha kukumbuka. Alijua majina sitini na matatu ya wazee wa ukoo, wafu na walio hai, nani alizaa nani, na kwa nini kila mmoja aliitwa alivyoitwa.

Wa pili aliitwa Havintishi. Alizaliwa wakati mama yake akitishwa kwa uchawi na mke mwenza, naye akajibu kwa jina la mtoto: vitisho vyako havinitishi. Kipawa cha Havintishi kilikuwa miguu. Aliwahi kumfuata mbuzi aliyepotea kwa siku mbili, akarudi naye akiwa amembeba.

Wa tatu alikuwa bibi wa ukoo, Sikitu. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo kama papai bichi. Wageni walipouliza kimefungwa nini kwenye kanga, baba yake aliogopa kijicho, akasema, "Si kitu." Miaka sabini na tano baadaye alikuwa bado hai, na wageni wale wote walikuwa wamekufa. Kipawa chake kilikuwa kutunza siri. Kipawa hicho, mtaona, kina pande mbili.

Sasa mtoto. Alizaliwa na Mize, mke wa Kheri, alfajiri ya Jumanne. Alikuwa msichana mwenye viungo vyote, na kilio kisichokoma. Alikataa ziwa. Mize alimdondoshea maziwa kwa pamba, yakatoka pembeni mwa mdomo.

Watu wa Chunyuni hawakushangaa. Kwao mtoto wa namna hiyo analilia jina. Kuna marehemu anayetaka kurithiwa, na mtoto hatanyonya mpaka aitwe kwa jina la huyo. Tena wana kanuni: jina lisiporithiwa kwa vizazi viwili, limekufa.

Jumatano asubuhi walimwita Semeni, shangazi wa ukoo, aje. Alikaa kwenye mkeka, akaweka mdomo kwenye sikio la mtoto, akaanza kutaja. Jina, kisha anangoja. Jina, kisha anangoja. Saa nne sauti yake ilikwaruza. Saa tano alimaliza jina la sitini na tatu. Mtoto alikuwa bado analia, lakini kilio kimepungua nguvu, na hilo ndilo lililomtisha Mize.

"Shangazi, rudia," alisema Mize. "Labda umeruka."

"Mimi? Niruke?" Semeni alikasirika. "Nikiruka jina moja, mama yangu atafufuka anichape."

Hata hivyo alirudia, polepole, kwa sauti ya juu. Alipofika kwa watoto wa Mzee Kirobo alisema: "Fumu. Mwanakweli. Tano." Akavuta pumzi. "Sikitu."

Kisha akayarudia manne hayo, akavuta pumzi palepale.

"Hapa mama alinifundisha kupumzika," alisema. "Hakuna mahali pengine nilipofundishwa kupumzika. Mtu hawekewi pumzi bure." Akageuka. "Bibi, kabla yako alizaliwa nani?"

Watu wote chumbani walimtazama Sikitu. Bibi alitazama mkeka.

"Baba alituapisha," alisema hatimaye. "Atakayemtaja si mwanawe, wala asizikwe ubavuni pake. Nami nimeshalichagua kaburi langu, liko pale pale kwa baba."

Mtoto alilia. Sikitu akafunga macho, akasema yote bila kusimama.

Kwanza ukoo ulikaa ng'ambo ya uwanda. Ulipokuja mwaka wa njaa waliamua kuvuka. Dada yake alikuwa na miaka kumi na mmoja, mguu umevimba kwa mwiba. Baba angeweza kubeba mtoto mmoja tu. Alimbeba Sikitu. Dada aliachiwa kibuyu cha maji na chungu cha chumvi, akaambiwa wangerudi baada ya siku tatu.

"Hatukurudi," alisema Sikitu. "Siku ya nne baba aliona haya. Siku ya kumi aliona haya zaidi."

"Jina lake, Bibi!" Mize alimshika mkono. "Sema jina."

"Silijui, mwanangu. Nilikuwa na miaka mitano. Mkubwa wako humwiti jina. Nilimwita Dada."

Havintishi alikuwa ameshasimama, anafunga kanga kiunoni.

"Wewe unakwenda wapi?" aliuliza Kheri, kaka yake. "Jua hili? Watu huvuka uwanda kwa mwezi wa baridi tu, tena kwa punda."

"Punda aliyepo ni wewe, na huna mwendo," alijibu Havintishi. "Wifi, mshike mtoto huyo asiondoke kabla sijarudi."

Alivuka mchana. Chumvi ilirudisha jua usoni, na ndara zake ziliachia gundi kabla ya nusu ya njia. Jioni alifika ng'ambo akitembea kwa visigino. Nyumba ya kwanza alimkuta mzee akisuka ungo, anaitwa Mbaruku. Kabla Havintishi hajafungua kinywa, mzee alimletea maji.

"Kunywa. Mama aliagiza hivyo," alisema. "Watu wa upande ule wakija, wapewe maji kwanza, ndipo waulizwe."

"Mama yako nani?"

"Mliyemwacha."

Mama huyo aliokotwa na wafugaji siku ya tano baada ya kuachwa, akaolewa, akazaa watoto wanne. Kila mwaka, mpaka alipokufa, alipeleka kibuyu kipya cha maji mwanzo wa njia ya uwanda. Jina lake lilikuwa Sihaba. Alizaliwa katika mavuno ya kibaba kimoja, na baba yake aliutazama mtama ule, akamtazama mtoto, akasema, "Si haba." Ndiye baba huyo huyo.

Havintishi alirudi Alhamisi adhuhuri, nyayo zake zikiwa nyama tupu. Mtoto alikuwa halii tena kwa sauti. Alifungua mdomo tu.

Havintishi aliinama sikioni. "Sihaba."

Mtoto akafumbua macho, lakini hakunyonya.

Semeni akasogea. "Jina halikai peke yake," alisema, sauti yake kama ya jogoo mgonjwa. "Fumu. Mwanakweli. Tano. Sihaba. Sikitu." Kwa mara ya kwanza hakuvuta pumzi.

Mtoto akageuza kichwa, kama mtu anayeitikia. Lakini ziwa hakulishika.

Ndipo Sikitu alipotambaa mpaka kwenye mkeka. "Dada," alisema, "tumerudi."

Mtoto akanyonya.

Watu waliokuwa chumbani wanasema hawakusikia kitu kingine ila mtoto akinyonya, na nje wapika chumvi waliacha vyungu vikaungua. Mimi nasema nilivyoambiwa. Maelezo yake sina.

Huo si mwisho, kwa kuwa Chunyuni kila mtoto ana mama wa jina, mmoja tu. Ni yule aliyempatia mtoto jina lake, naye humnyoa siku ya arobaini. Na mtoto akikua, binti yake wa kwanza hupewa jina la mama huyo. Kati ya wanawake hawa watatu, hakuna hata mmoja aliyekwisha kupata wa kumrithi. Nani leo anamwita bintiye Havintishi?

Siku ya arobaini waliketi wote watatu mbele ya Mize.

"Nisingegundua pumzi ile, mngemtafuta nani?" alisema Semeni.

"Ulitaja ulichofundishwa. Hata kasuku hutaja," alisema Havintishi. "Mimi nyayo zangu zimebaki kule."

"Ulitumwa na maneno yangu," alisema Sikitu. "Nimepoteza kaburi langu. Nitazikwa pembeni kama mgeni."

"Bibi, heshima yako," alisema Semeni, "lakini ungesema mapema, Sihaba angerithiwa zamani, na mtoto asingelia."

Sikitu aliutazama wembe. Alikuwa na miaka sabini na tano, na jina lake lilikuwa na njia moja tu ya kubaki.

Mize alimtazama shangazi, akamtazama wifi, akamtazama bibi. Wembe umeshanolewa. Maji ya kunyolea yanapoa bakulini. Sihaba amelala, ameshiba, na mama yake hawezi kuamua.

Nyinyi mliosikia: mngeuweka wembe mkononi mwa nani? Na hao wawili mtakaowanyima, mngewaambia nini kuhusu majina yao?