Fundi Aliyepunguza Magauni

Mwenye shida akiulizwa kama ana shida, mara nyingi husema hana. Husema hivyo kwa haya, au kwa kutotaka kuwa mzigo, na mara nyingine kwa sababu kujibu kwenyewe ni kazi. Ndiyo maana wahenga wakatuachia neno fupi: mgonjwa haulizwi uji. Anayemtakia heri humpikia, akampelekea, akakaa naye. Neno hili kila mtu analijua, na wengi wetu hulitamka huku tumekunja mikono. Fundi mmoja wa cherehani alilijua pia tangu utotoni, lakini alilielewa siku aliyokaribia kumpoteza mkewe.

Jina la kuzaliwa la fundi huyo lilikuwa limesahaulika mtaa mzima. Watu walimwita Nikate. Alipokuwa mwanagenzi aliwahi kukata kitambaa cha gauni la harusi kikawa kifupi kwa shibiri nzima, na aibu ile ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Tangu siku hiyo hakutia mkasi kwenye kitambaa kabla ya kumtazama mteja usoni na kumwuliza, "Nikate?" Mteja akikubali, fundi alipima upya, kisha akauliza mara ya pili, "Nikate?" Wenye haraka walikuwa wakipandwa na hasira. Hata hivyo, hakuna aliyetoka katika duka lile na nguo isiyomkaa.

Mkewe ndiye aliyekuwa mdomo wa duka. Alikaa mbele, akikaribisha, akipatana bei, akicheka kicheko kilichofika mpaka duka la viatu, la tatu kutoka pale. Kwa sauti hiyo wakamwita Kengele, naye akalipenda jina.

"Fundi wangu akisema neno moja, mimi nasema kumi," alikuwa akiwaambia wateja. "Ukijumlisha ukagawanya kwa wawili, ni watu wa kawaida kabisa."

Ugonjwa ulimwingia mahali alipokuwa na utajiri wake. Koo lilianza kukwaruza, chakula kikawa kinapita kwa shida, na hospitali wakasema ni kansa. Alipigwa mionzi wiki saba. Ngozi ya shingo iliungua ikawa nyeusi, kisha ikapona, na sauti ikarudi ikiwa na mikwaruzo kama redio isiyoshika stesheni. Wakamshukuru Mungu, wakaendelea na maisha. Baada ya miaka miwili, Kengele akagusa chini ya taya akakuta kinundu.

Daktari wao alikuwa mama mtu mzima, asiyependa kumpaka mgonjwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwaketisha wote wawili akawaambia, "Kansa imerudi, na safari hii imetembea. Imeingia kwenye tezi za shingo na imeshika sehemu ambazo siwezi kukata. Kuiondoa yote sitaahidi. Zipo dawa za dripu, zinaweza kuisinyaza zikawapa muda. Kwanza tufungue njia ya hewa, maana inaziba."

Wakamtoboa tundu chini ya koo, wakatia kibomba cha kupumulia. Kengele aliingia chumba cha upasuaji akinong'ona, akatoka hana sauti kabisa. Fundi alimletea chaki yake ya kuchorea nguo na kipande cha kitambaa cheusi. Neno la kwanza aliloliandika pale kitandani lilikuwa: Nataka dawa.

"Utazipata," daktari akasema. "Kidonda kipone kwanza, kama wiki tano hivi. Lakini sasa una kilo arobaini na nane. Ukishuka chini ya arobaini na mbili na nusu, sitaanza. Dawa hizi ni kali, na mwili uliokonda hauzibebi."

Muuguzi akawafundisha kumeza. Uji uwe mzito, kwa kuwa maji matupu yanaweza kupotea njia yakaingia mapafuni. Kijiko kidogo, kidevu chini, kumeza, kukohoa, kupumzika, kisha tena. Bakuli dogo lilichukua saa nzima na kumwacha Kengele ametokwa na jasho.

Nyumbani, fundi alianza kumwuguza mkewe kwa njia aliyoijua.

"Nikupikie uji?"

Kengele akatikisa kichwa.

"Baadaye kidogo?"

Akatikisa tena.

Fundi akarudi kwenye cherehani kwa unyenyekevu. Alimpenda mkewe kuliko macho yake, na aliona kwamba kumpenda ni kumheshimu. Mtu aliyekwisha kutobolewa na kuunguzwa asiamuliwe tena hata la kijiko. Akauliza asubuhi, akauliza mchana, akauliza jua likitua. Alipokubaliwa alipika, na alipokataliwa alinyamaza. Majirani nao walipita mlangoni. Muuza viatu alisema kila siku, "Mkihitaji chochote, msisite kusema." Fundi naye alijibu kila siku, "Tunashukuru, tuko salama." Kisha kila mtu akaenda zake, na moyo mweupe.

Baada ya siku kumi gauni la Kengele likaanza kumning'inia. Alikusanya kitambaa kiunoni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaonyesha cherehani.

"Nipunguze?" fundi akauliza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Nipunguze?"

Akaitikia tena. Fundi akapunguza kidole kimoja kila upande. Wiki iliyofuata akapunguza kidole kingine, kisha magauni mengine manne. Alishona kwa ustadi kuliko wakati wowote: alipandisha kola ikafunika kibomba, akatia marinda mabegani yasionyeshe mifupa. Kengele alipoketi mbele ya duka, watu walimsifu. "Umependeza, mama! Huonekani kama unaumwa." Fundi alizisikia sifa hizo akafurahi, maana kushona ndicho kitu pekee alichokuwa amemfanyia mkewe kikaonekana. Hakujua kwamba kwa kila mshono alikuwa akiuficha ugonjwa, na kwamba wa kwanza kufichwa alikuwa yeye mwenyewe.

Mzani wa hospitali haujui marinda. Wiki ya tano Kengele alipopanda, ulisema kilo arobaini na moja.

Daktari aliutazama mzani, akalitazama gauni, kisha akamtazama mume. "Gauni linasema lake na mzani unasema lake. Anakula nini?"

"Namwuliza kila mara, daktari. Anasema hataki."

"Mpira wa kulishia tumboni upo, lakini koo lake bado linameza. Asipolitumia litajifunga." Akafunga faili. "Nawapa wiki tatu. Akifika arobaini na mbili na nusu, tunaanza dripu. Asipofika, tutabaki na dawa za kutuliza maumivu tu."

Njiani kurudi, Kengele aliandika juu ya paja lake, kwenye kile kitambaa cheusi: Bado nataka. Fundi aliyasoma maneno yale mawili mpaka yakafutika kwa jasho la kiganja. Alishindwa kuelewa mtu anawezaje kutaka dawa na kukataa uji.

Kesho yake asubuhi akaja dada mkubwa wa fundi, mpishi wa shule ya bweni, kwa kuwa shule ilikuwa imefunga. Alikuja na mkoba mmoja na mwiko wake mwenyewe, kwani alikuwa haamini mwiko wa mtu. Habari za mgonjwa hakuziuliza, alimwona. Alimkumbatia wifi yake kwa tahadhari, asiguse kibomba, kisha akaingia jikoni. Fundi akamfuata mbio.

"Dada, ngoja kwanza nimwulize."

"Umwulize nini?"

"Kama atakunywa."

Dada akaendelea kuchekecha unga. "Mdogo wangu, mimi napikia watoto mia nne. Ningekuwa nauliza kila mmoja anataka nini, uji wa asubuhi ungeiva saa tisa mchana."

"Yeye si mtoto."

"Si mtoto, ndiyo. Kwa hiyo la sindano na la kisu muulize, hata mara kumi, na akikataa amekataa. La uji usimwulize. Hukufundishwa na mama? Mgonjwa haulizwi uji. Haya, nijibu lenye maana: muuguzi alisema uwe mzito kiasi gani?"

Fundi akamwonyesha kwa kijiko. Dada akapika, akatia maziwa na yai, akaukoroga mpaka ukalainika usiwe hata na punje ya donge. Akamimina mabakuli mawili madogo. Moja akaliweka mbele ya wifi yake, jingine akalishika yeye, akaketi mkabala naye, akaanza kunywa. Hakusema "kunywa." Hakumtazama mdomoni. Alipiga soga: kuhusu mwalimu wa zamu aliyeonja mchuzi kila siku kwa kisingizio cha ukaguzi, mpaka shati likakataa kufunga vifungo, akasema limeharibiwa na dobi.

"Nikamwambia, mwalimu, dobi huyo nami namjua. Anakaa kwenye sufuria yangu."

Mabega ya Kengele yakatikisika. Kicheko hakikutoa sauti, ila kilikuwa kile kile. Kisha akachukua kijiko. Kidevu chini, akameza, akakohoa, akapumzika. Dada akaendelea na hadithi zake kana kwamba hajaona kitu. Ilipita saa nzima. Bakuli lilipobaki tupu, fundi, aliyesimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, alikuwa akilia bila kujificha.

Dada alipotoka kuosha vyombo, fundi akaketi kando ya mkewe. "Mbona mimi ulinikatalia?"

Kengele akachukua chaki. Aliandika polepole, akafuta, akaandika tena. Ukiniuliza nautazama uso wako. Umechoka. Nasema hapana ili upumzike. Fundi akaona aibu kubwa kuliko ile ya kitambaa cha harusi. Mkewe akageuza kitambaa upande wa pili akaongeza maneno mawili: Leta tu.

Dada alikaa siku saba. Alipokuwa akitoka, alipitia duka la viatu, na alichomwambia muuza viatu hakijulikani mpaka leo. Kinachojulikana ni kwamba tangu kesho yake maziwa yalikutwa mlangoni kila asubuhi, na hakuna aliyepita kuuliza kama yanahitajika. Mwiko wake aliuacha jikoni kwa makusudi.

Fundi akausogeza ubao wa kukatia karibu na jikoni. Mara sita kwa siku aliacha kazi, akapika kidogo, akamimina mabakuli mawili, akaketi mkabala na mkewe. Si kila bakuli lilimalizika. Zipo siku uji ulirudi wote, na siku moja Kengele alilisukuma bakuli kwa hasira likamwagika kwenye suruali ya mteja. Fundi aliifua suruali ile. Baada ya saa mbili akaleta bakuli jingine. Yeye, mtu wa maneno machache, alijifunza hata kupiga soga. Alizisimulia vibaya, akianzia mwishoni, na mkewe alicheka zaidi kwa ubaya wake.

Wiki ya tatu ilipotimia, mzani ulisema arobaini na mbili na gramu mia saba. Muuguzi akapiga makofi. Wiki hiyo hiyo dripu ya kwanza ikaanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Kinundu kilisinyaa. Kengele akaweza kugeuza shingo, akarudi kuketi mbele ya duka, akipatana bei kwa chaki na bila huruma. Jioni moja fundi alilichukua gauni la bluu, akafumua mshono, akaliachia nusu kidole. Hakumwuliza mtu.

Lakini daktari hakuwa ameahidi zaidi ya muda. Baada ya dripu ya sita picha zilionyesha kitu kipya, kidogo, upande wa pili wa shingo. "Tutabadilisha dawa," alisema, "kama mama anataka." Kengele akaulizwa kwa heshima, akapewa nafasi ya kufikiri, akaandika: Nataka.

Siku hiyo waliporudi, fundi aliketi kwenye cherehani, akatia uzi kwenye sindano, akabaki ameishika tu. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Kukasikika mwiko ukigonga sufuria.

Kengele akatoka jikoni akitembea taratibu, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika bakuli la uji lililopachikwa juu ya bakuli tupu. Akaliweka lile tupu juu ya meza ya cherehani, akamimina humo nusu ya uji wake.

"Nimeshiba, mke wangu," fundi akasema. "Kweli tena."

Chaki ilikuwa karibu na mkono wake, lakini Kengele hakuigusa. Alimtoa sindano vidoleni, akamtia kijiko. Kisha akavuta kiti, akaketi mkabala naye, akainamisha kidevu, akameza. Fundi akamtazama, naye akainamisha kichwa akanywa, machozi na uji vikichanganyika, mpaka bakuli likabaki jeupe. Siku ile nyumba ile ilikuwa na wagonjwa wawili, na hakuna aliyesubiri jibu la mwenzake; kwani, kama walivyosema waliotutangulia, mgonjwa haulizwi uji.