Utepe wa Mgeni Rasmi

Mtu mmoja alikuwa na ufunguo wa zahanati. Aliitwa Ndimbo, mwenyekiti wa kijiji, na kabla ya mapinduzi alikuwa mkata mkonge kama wenzake. Zamani hizo dawa zilifungiwa kwa ufunguo nyuma ya mlango wa tajiri mwenye shamba, za kwake na za mbwa wake. Tajiri alipofukuzwa, wanakijiji walifyatua matofali kwa mikono yao, serikali mpya ikaleta mabati, dawa, vitanda viwili na nesi, Skolastika. Kisha wakafunga mlango, wakakaza utepe mwekundu mbele yake, wakamsubiri mgeni rasmi aje kufungua.

Mgeni hakuja. Aliahidi Jumamosi, akaahirisha. Aliahidi baada ya mavuno, akaahirisha. Kila mara mawe ya njiani yalipakwa chokaa upya, na akina mama wakarudia wimbo uleule mpaka sauti zikawakauka. Miezi mitano Skolastika alitibu watu barazani kwa maji ya chumvi na maneno ya kutia moyo, huku kwinini ikilala ndani. Alimwomba Ndimbo, akamsihi, akamfokea. Ndimbo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Skolastika kuliko yote. Alimletea kuku na mayai, lakini ufunguo aliuvaa shingoni. Aliogopa kijiji kionekane hakina adabu. Mama mmoja alifia pale barazani, hatua tatu kutoka kitandani, na Ndimbo akalia kuwashinda wafiwa.

Adhuhuri moja walikuwa katika mazoezi ya sherehe, Ndimbo kashika sahani yenye mkasi mpya juu ya kitambaa cheupe, ndipo Tulizo, mjamzito wa pale kijijini, alipoletwa kwa machela. Mtoto alikuwa karibu kutoka, damu inamwagika, na sindano ya kuizuia ilikuwa ndani. Ndimbo akatazama barabarani, eti pengine gari linakuja. Skolastika aliona giza kwa hasira. Akanyakua mkasi sahanini, akakata utepe, akanyoosha mkono.

"Mgeni rasmi ndiye huyu, Mwenyekiti, na anakufa. Lete ufunguo!"

Ndimbo aliuvua shingoni, akampa. Tulizo alipona, na mkasi uleule, ukishachemshwa, ulikata kitovu cha binti yake. Hakuna aliyekumbuka kuimba.

Wiki iliyofuata, Tulizo alipokwisha kurudi kwake, Skolastika alifika kazini akamkuta Ndimbo amechuchumaa mlangoni na sindano na uzi, akiushona utepe kwa uangalifu mkubwa. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo umerudi shingoni mwake. Barua ilikuwa imekuja: mgeni angefika mwezi ujao. Skolastika aliketi barazani penye doa la damu ambalo halijatoka. Hata nguvu ya kufoka hakuwa nayo.

Hebu niambieni, ninyi mliofyatua matofali yale: kwa mgonjwa aliyelala nje, ufunguo wa tajiri na ufunguo wa Ndimbo zina tofauti gani?