Tufaha la Kijani la Jini Sharahili

Katika mji wa Shamsabadi, wenye miti ya matufaha kuanzia lango la kasri hadi chini ya milima, alitawala Sultani Dhulkamali bin Anuari, naye alikuwa karimu kupita kiasi, na desturi za ukarimu ndizo zilizomponza. Maana desturi ya mji ule ilikuwa kumtangulizia mgeni kilicho kitamu kuliko vyote, na kumpa kikali kwanza ilikuwa sawa na kumtukania mama yake. Siku moja Sultani, akiwa mgeni wa waziri wake, alionja tufaha la kijani mara tu baada ya lile la manjano liitwalo Asali, akakunja uso, akaamuru mti wa kijani ukatwe. Masikini, hakujua kwamba mti ule aliupanda jini Sharahili kwa mkono wake, kabla mji haujawa mji.

Jini akaghadhibika, akamnyang'anya binti Sultani, Nuruaini, ladha yote ya ulimi, na chakula kikawa kinywani mwake kama majivu, na binti akakonda mpaka pete zikawa zinamwanguka vidoleni. Kisha jini akaketi uani mwa kasri na sinia ya matufaha ambayo hayakuisha wala kuoza, akasema, "Atakayeyaonja haya na kulitendea haki kila tufaha, nitamrudishia binti ulimi wake. Atakayedhulumu hata moja, atageuka mti papa hapa."

Miongoni mwa waliogeuka miti alikuwa Nadhiri, mfanyabiashara wa matunda, mtu wa adabu zake. Mdogo wake, Lutufi, alipofika na msafara akamkuta kaka yake amesimama uani amejaa majani, na kilemba chake kimening'inia tawini. Lutufi akaukumbatia ule mti akalia bila kuona haya, kisha akajifuta machozi akaketi mbele ya jini.

"Karibu, mgeni wangu," jini akasema, na kwa upole wenye hila akamsogezea Asali.

Lutufi akala, likamyeyukia mdomoni. Akalichukua la kijani, akang'ata, na meno yakafa ganzi. Neno "siki" lilikwisha fika ncha ya ulimi, na miguu yake ikaanza kuwa mizito kama inayoota mizizi, alipokumbuka jinsi yeye na Nadhiri walivyokuwa wakila halua utotoni kisha wakamlaumu mama kwamba machungwa yake ni malimau. Akalimeza lile neno.

"Naomba maji na mkate mkavu," akasema. "Nitaanza upya, na nitaanza na la kijani."

Waziri akaruka. "Astaghafirullahi! Mgeni aanze na kikali katika nyumba ya Sultani?"

"Bwana waziri, mimi si mgeni hapa. Mwenye ndugu uani ni mwenyeji."

Akasukutua, akatafuna mkate, akangoja kinywa kitulie. Ndipo akalila la kijani polepole, na safari hii ukali ukamwamsha kinywa kizima, na nyuma ya ukali ukaja utamu mdogo uliojificha.

"Hili ni gumu na lina maji baridi, na linafungua hamu ya kula," akasema. "Ukilipika na nyama halivurugiki, na nimelisafirisha katika majani makavu likafika zima. Hili jekundu ni la msafiri mwenye kiu, utamu na ukali wake umelingana, ila ganda lake linakwama menoni. Hili jeupe lina harufu ya waridi, lakini ukiligusa kwa kidole linapata jeraha, basi liliwe chini ya mti wake. Na Asali ni la watoto na vibogoyo, la kwanza ni furaha, la pili linakinaisha."

Jini akainamisha kichwa, na machozi yakamdondoka kwenye ndevu. "Miaka yote hii," akasema, "wanaliita siki."

Akamkabidhi Nuruaini kipande cha kijani. Binti akakitafuna, akafumba macho, akakunja uso wote.

"Kali!" akapiga kelele. "Baba, ni kali! Nipeni jingine!"

Sultani akapiga magoti akilia kwa furaha, na vigelegele vikajaa kasri, na miti yote ya uani ikapukutisha majani ikawa watu. Nadhiri akashusha pumzi ndefu, akajitoa jani sikioni, akamtazama mdogo wake.

"Umeanza na kali mbele ya wenyeji? Mama akisikia!"

"Mama ndiye aliyetukomboa, kaka," Lutufi akajibu, nao wakakumbatiana wakicheka.

Kile kisiki cha mti wa kijani uliokatwa kikachipua siku ileile. Sultani akamwoza Lutufi binti yake kwa ridhaa yake binti, akampa mashamba ya matufaha yote, na harusini wageni wakatanguliziwa la kijani, wakakunja nyuso, kisha wakala pilau kuliko walivyowahi kula. Tangu hapo hakuna aliyehukumu tunda Shamsabadi kabla ya kusukutua kinywa, na wenye busara wakaanza kufanya hivyo hata kabla ya kuhukumu watu.