Tausi wa Shaba Mnadani

Penye mnada Bwana Feruzi hakosi, na siku hiyo tajiri huyo aliwahi mapema, akalikalia kasha la kale la nakshi.

"Najua lilikuwa la nyanya yako," akamwambia Bi Mwanahalima, fundi wa kukarabati samani. "Leo ni langu. Kila ukitaja bei, nitaongeza."

"Lichukue, bwana. Ila yule tausi wa shaba niachie mimi maskini. Tafadhali usimguse."

Feruzi akamgeukia tausi. Alikuwa mzito, mweusi kwa masizi, jicho moja halipo. Lakini bibi huyu alivijua vya kale kuliko mtu yeyote mjini!

Tausi akanadiwa kwanza. Bi Mwanahalima akataja elfu tano, Feruzi kumi. Bibi akajifuta machozi kwa pindo la leso, akataja ishirini.

"Hamsini!" akafoka Feruzi, akamwaga fedha zake zote mezani, maana mnada ule ulikuwa wa taslimu, hakuna kukopa.

Likaja kasha.

"Elfu mbili," akasema Bi Mwanahalima.

Feruzi akajipapasa mifuko. Mitupu. Nyundo ikagonga.

"Baki na kasha lako!" akacheka, amemkumbatia tausi. "Johari ninayo mimi!"

Dalali akafungua daftari. "Bi Mwanahalima, bei ya kasha niikate kwenye fedha zako za tausi?"

"Kata, mwanangu. Na msaidie bwana kumbeba. Asubuhi nilipomleta hapa alinivunja mgongo."